Kupiga Ngoma na Kupiga Picha: Historia ya Picha za Muziki katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Kiswahili hutumia kitenzi kimoja kwa kazi mbili ambazo mara nyingi hufanyika mahali pamoja. Mwenye ngoma huipiga, mwenye udi huupiga, na mwenye kamera naye hupiga picha. Haikuwa lazima iwe hivyo. Kabla ya neno picha kuingia kutoka Kiingereza na kuenea, lugha ilikuwa na sanamu na taswira, na maneno hayo yangeweza kuja na kuchora au kutia. Wasemaji walipochagua kupiga, waliiweka kamera katika kundi moja na ngoma, kinanda, chapa na pasi. Sitaki kuivuta hoja hii ya msamiati mbali kuliko inavyoweza kwenda. Hata hivyo yafaa kuwa mlango wa kuingilia, kwa sababu katika pwani ya Malindi na Kilifi wapiga ngoma na wapiga picha wamekutana kwa zaidi ya karne moja, na mikutano hiyo imeacha hati ambazo wataalamu wa lugha bado hawajazisoma vizuri.

Katika idara zetu picha ya muziki imepewa kazi moja tu, nayo ni kupamba jalada. Anayechunguza mashairi ya taarabu hukusanya beti, akazipanga kwa mizani na vina, akatafuta maana ya mafumbo. Kisha akimaliza huomba picha ya mwimbaji aiweke mbele ya kitabu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba picha ni sehemu ya matini yenyewe, na kwamba inastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki miswada ya tenzi: nani aliiandika, mwaka gani, kwa ajili ya nani, na ameacha nini. Nitadai pia kwamba pale ambapo picha haipo, kule kukosekana kwake mara nyingi kuna sababu, na sababu hiyo ni habari ya historia. Kwa jina la Malindi na Kilifi nakusudia eneo lote ambalo leo ni kaunti ya Kilifi, kuanzia Mtwapa upande wa kusini hadi ng'ambo ya mto Sabaki, pamoja na Rabai, Kaloleni na Ganze upande wa bara; lakini itanilazimu kutoka nje ya mipaka hiyo mara kwa mara, kwa kuwa studio za kwanza zilikuwa Unguja na Mombasa, na waimbaji nao hawakukaa mahali pamoja.

Kamera nzito na ngoma za polepole

Kamera ilifika pwani hii mapema. James Augustus Grant, aliyefuatana na Speke, alipiga picha Unguja mwaka 1860. Kabla ya karne ya kumi na tisa kwisha, Wagoa kama A. C. Gomes na ndugu wa ukoo wa Coutinho walikuwa na studio Unguja, na reli ya Uganda ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa, W. D. Young alikuwa akiifuata na kamera yake. Kazi zao nyingi zilisafiri hadi Ulaya kama kadi za posta. Leo sehemu kubwa ya picha za namna hii imehifadhiwa katika mkusanyo wa Humphrey Winterton, ambao Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani kiliununua mwaka 2002; una picha zaidi ya 7,000 za Afrika ya Mashariki za kati ya 1860 na 1960, na kati yake zimo za ngoma.

Anayezitazama picha hizo za zamani hana budi kwanza kujua jinsi zilivyopigwa. Bamba la kioo lililotumika katika miaka ya 1860 lilihitaji mwanga wa sekunde kadhaa. Mchezaji aliyesogea katika muda huo aligeuka ukungu, na mkono wa mpiga ngoma ulitoweka kabisa. Kwa hiyo mpiga picha alifanya jambo moja kati ya mawili. Ama aliwasimamisha wachezaji, akawaambia waweke mikono juu ya ngozi ya ngoma bila kupiga, au alichagua ngoma ambayo yenyewe ni ya polepole. Mabamba makavu yaliyoenea katika miaka ya 1880 yalifupisha muda huo hadi sehemu ndogo ya sekunde, lakini katika jua kali tu. Usiku ulibaki nje ya uwezo wa kamera.

Tafakari sasa maana yake kwa ngoma za Waswahili. Goma huchezwa na wanaume waliosimama kwa mstari, wamevaa kanzu, mikononi wana bakora, na mwendo wao ni wa taratibu na heshima. Ni ngoma ambayo kamera ya mwaka 1890 iliiweza. Kirumbizi, mchezo wa fimbo, huchezwa hadharani, na hata kama fimbo zenyewe zingetoka na ukungu, uwanja ungeonekana. Lakini chakacha ni ngoma ya wanawake, ya kiuno, ya ndani, na ya usiku. Vugo, ambamo wanawake hugonga pembe kwa vijiti huku wakiimba, ni ya arusini. Mambo matatu yaliikinga chakacha na kamera kwa pamoja: giza, mwendo, na mlango uliofungwa. Mtu akiandika historia ya ngoma za pwani kwa kutegemea picha za kale peke yake atajikuta amesema kwamba wacheza ngoma wakubwa wa Waswahili walikuwa wanaume. Mtu huyo hangekuwa ameongopa. Angekuwa amesoma kipimo cha mwanga akidhani anasoma utamaduni.

Tatizo la pili ni la lugha hasa. Chini ya nyingi za picha hizo mwandishi wa Kizungu aliandika neno moja: ngoma. Sisi tunajua kwamba neno hilo ni jina la chombo, ni jina la mchezo, ni jina la mkusanyiko wenyewe, na kwa watu wengine ni jina la shughuli ya tiba au ya pepo. Maelezo ya namna hiyo chini ya picha yanatuambia karibu na kutotuambia kitu. Hayataji ikiwa ni msondo, ni gonda, ni sengenya au ni namba. Hayataji kama waliomo ni Wagiriama, Wachonyi au Waswahili wa mji. Kwa uzito wa kitaalamu, ningebadilisha picha kumi za ngoma isiyo na jina kwa moja iliyoandikwa nyuma, hata kwa kalamu ya risasi, jina la ngoma, la kijiji na la mwezi.

Kifudu cha mwaka 1913

Kuna wakati mmoja katika historia ya eneo hili ambapo ngoma ilikuwa jambo la serikali. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alizunguka vijiji vya Wagiriama akiwaita watu kukataa kodi na kazi ya kulazimishwa, na chombo chake cha kuwakusanya kilikuwa kifudu, ngoma ya maombolezo. Watu walimfuata hadi Kaya Fungo wakala viapo. Mwezi Oktoba mwaka huo alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii. Walitoroka mwanzoni mwa 1914 na kurudi nyumbani kwa miguu. Mwezi Agosti 1914 serikali iliibomoa Kaya Fungo kwa baruti.

Kifudu hicho kimetufikia kwa maneno. Kimo katika ripoti za maofisa kama Arthur Champion, kimo katika simulizi za wazee ambazo Cynthia Brantley alizitumia katika kitabu chake cha 1981, na kimo katika nyimbo. Ofisa aliyekuwa na kamera alikuwa na sababu ya kupiga picha nguzo, mavazi na nyumba. Mkusanyiko wa wanawake wanaoomboleza haukuonekana kwake kuwa siasa mpaka ulipokuwa umekwisha kuwa siasa. Hapa ndipo ninaposema kwamba kukosekana ni ushahidi. Ngoma ya mazishi ilikuwa na kinga ambayo mkutano wa hadhara usingekuwa nayo, na Mekatilili aliijua.

Kwa upande wa pili ilikuwapo beni, ambayo Terence Ranger aliiandikia kitabu mwaka 1975. Beni ya Mombasa na Lamu ilitaka kuonwa. Wanachama walishona sare za kijeshi, walijipa vyeo vya Kizungu, wakashindana mtaa kwa mtaa. Vyama vya wanawake vya lelemama katika Mombasa, kama Ibinaal Watan na Banu Saada ambavyo Margaret Strobel amevieleza, navyo vilishindana kwa mavazi na maandamano. Ngoma za aina hii hazikuikimbia kamera. Sitakaa hapa sana, maana Ranger na Strobel wamekwisha kufanya kazi hiyo. Yatosha kusema kwamba ngoma ya mashindano na ngoma ya siri ziliacha akiba mbili zisizolingana, na tofauti hiyo haitokani na wingi wa wachezaji.

Tuzo

Sasa tufike kwenye taarabu, ambako jambo lenyewe lina uzito zaidi.

Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyezaliwa Malindi mwaka 1942 na kufariki Mombasa mwaka 2014, alikuwa mwimbaji aliyependwa kuliko wengi katika pwani ya Kenya. Aliimba kwa mtindo wenye tuni za filamu za Kihindi, kinanda na tabla vikimfuata, na baadhi ya mashairi aliyoyaimba yalitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye wasomaji wa jarida hili wanamjua kwa diwani yake Malenga wa Mvita ya mwaka 1971. Kwa hiyo tunaye mshairi mmoja anayesomwa darasani, na tunaye mwimbaji mmoja anayesikizwa arusini, na shairi linapita kati yao. Mwanafunzi hulijua shairi katika hali yake ya kwanza. Wenyeji walilijua katika hali ya pili. Kati ya hali hizo mbili kuna tendo ambalo halichapwi kitabuni, nalo ni kutuza, au kutunza kama wasemavyo wengine.

Wakati mwimbaji anaimba, msikilizaji huinuka alipoketi, huenda polepole mbele za watu, huku akicheza kidogo kama anataka, na kumpa mwimbaji fedha. Mgeni hudhani ni shukrani kwa sauti nzuri, na mara nyingine ni hivyo. Lakini mwenyeji hutazama mambo mengine. Hutazama ameinuka kwenye ubeti gani. Hutazama amepita mbele ya nani. Hutazama mkono wenye noti umeelekea wapi kabla ya kumfikia mwimbaji, na jicho limetupwa upande gani. Tuseme ubeti unamsema jirani mwenye tamaa. Mshairi alipoutunga alikuwa na jirani wake, au hakuwa na yeyote. Mwimbaji anauimba kwa wote. Atokaye kutuza katika ubeti huo ndiye anayemteua jirani, usiku ule, mbele ya mashahidi. Fumbo limefumbuliwa kwa mwili, bila neno kusemwa, na anayelengwa hawezi kulalamika, kwani nani amemtaja?

Hapo ndipo tunapoona upungufu wa uhakiki unaotegemea beti peke yake. Tunauliza fumbo lina maana gani, kana kwamba maana imekaa ndani ya shairi ikisubiri. Katika taarabu maana ya fumbo hutolewa na mtuzaji, na inaweza kuwa nyingine wiki ijayo katika nyumba nyingine. Matini kamili ni ubeti na tuzo lake.

Je, tuzo limehifadhiwa wapi? Kaseti halina. Tangu miaka ya 1970 kaseti ndiyo iliyoibeba taarabu ya pwani. Watu walikuja arusini na redio-kaseti zao wakaziweka karibu na spika, na Mombasa duka la Mbwana Radio Service lilijulikana kwa kaseti za taarabu. Upande mmoja wa kaseti ya dakika 90 huchukua dakika 45, na ndani yake ubeti, kibwagizo na vigelegele vyote vimo. Anayesikiliza husikia kelele zikipanda ghafla katikati ya ubeti, akajua kwamba kuna mtu ameinuka. Nani, hajui.

Picha ndiyo iliyolihifadhi tuzo, na sababu yake ni biashara. Mpiga picha wa arusi hakumtegemea mwimbaji kwa riziki yake. Mwimbaji hakununua picha. Aliyenunua ni mgeni aliyetaka kujiona, na mgeni hakuwa na wakati mzuri wa kupigwa picha kuliko pale alipokuwa mbele ya watu wote, noti mkononi, amevaa nguo yake bora. Mpiga picha mwenye akili alimngoja hapo. Filamu ilikuwa ghali na mkanda mmoja ulitoa picha 36. Hakuzitupa kwa kupiga watu walioketi. Hivyo katika albamu nyingi za familia, picha nzuri kuliko zote za taarabu hazionyeshi mwimbaji akiimba. Zinaonyesha mtu akimkaribia, mwimbaji yuko pembeni, nusu ya uso wake imekatwa, na nyuma wako walioketi wakitazama. Mtaalamu wa upigaji picha angeziita mbovu. Kwetu sisi zina thamani, kwa sababu nyuso za wale walioketi zimo.

Hata hivyo tusizisifu kupita kiasi. Taa ya flashi ikitumika, shata ya kamera za wakati ule ilifunguka kwa sehemu moja ya sitini ya sekunde hivi. Mkanda mzima wa picha 36, ukijumlishwa, unashika chini ya sekunde moja ya usiku ulioanza baada ya isha na kukaribia alfajiri. Tena flashi ilifanya mbele kuwe kweupe na nyuma kuwe kiza; mwanga wa taa za karabai na wa balbu zilizotundikwa kwenye kamba, ambao ndio watu waliouona, haukutoka. Filamu zilizoweza kupiga bila flashi zilikuwapo, Tri-X ya milimita 35 ikiwa imetoka tangu 1954, lakini mpiga picha wa arusi hakuwa na haja nayo: mteja alitaka sura yake ionekane wazi.

Matokeo yake ni kwamba usiku mmoja umegawanywa katika hifadhi mbili. Sauti imo katika kabati la kaseti, picha zimo katika albamu ya sebuleni, na hakuna kinachounganisha picha ya tatu na ubeti wa tano. Kiungo kimo katika kumbukumbu za waliokuwapo. Mtafiti anayekwenda Malindi na kaseti peke yake ataambiwa jina la wimbo. Akienda na albamu peke yake ataambiwa majina ya watu. Akivileta pamoja, akacheza kaseti huku albamu imefunguliwa mbele ya mama watatu waliohudhuria, atasikia jambo la tatu, na huenda pia akaombwa aizime kaseti, maana jirani aliyesemwa angali hai. Kazi hii haiwezi kungoja, kwani walioketi katika picha za mwaka 1975 wakiwa na miaka 30 leo wamepita 75, na utepe wa kaseti nao huharibika kwa chumvi na unyevu wa pwani.

Hoteli

Malindi iliingia katika utalii mapema. Hoteli ya Lawford ilifunguliwa katika miaka ya 1930, na baada ya uhuru hoteli ziliongezeka ufukoni kutoka Mtwapa hadi Watamu na Malindi. Pamoja nazo ilikuja aina mpya ya mkutano kati ya ngoma na kamera. Wachezaji wa Kimijikenda waliajiriwa kucheza jioni kwa wageni, na kadi za posta za wanawake waliovaa hando ziliuzwa madukani bila jina la mwanamke wala la ngoma.

Jambo la kuangaliwa hapa ni umbo la uwanja. Ngoma ya kijijini ina duara: wapigaji katikati au ukingoni, wachezaji wakizunguka, watazamaji wakiingia na kutoka, na hakuna upande unaoitwa mbele. Hotelini duara hilo lilipasuka. Wachezaji walijipanga nusu mwezi au mstari, nyuso kwa wageni, na wapiga ngoma wakawekwa nyuma. Si kamera peke yake iliyofanya hivyo, kwani viti na jukwaa navyo vilichangia. Lakini kamera mia mkononi mwa wageni zilitaka nyuso, na nyuso zikageuzwa. Sikubaliani na wanaosema kwamba ngoma za hoteli ni za uongo na hazistahili kuchunguzwa. Wachezaji walikuwa wale wale, na baadhi ya hatua zilizohifadhiwa hotelini kwa sababu zililipiwa zilipungua vijijini. Ila mtafiti anayetumia picha za watalii hana budi kujua kwamba mstari ule anaouona haukutoka kwa wazee.

Bendi za hotelini zilikuwa na habari nyingine. Them Mushrooms, bendi iliyoanza Mombasa mwaka 1972, iliupa ulimwengu wimbo wa Jambo Bwana mwanzoni mwa miaka ya 1980, wimbo uliotungwa kwa ajili ya wageni hao hao wenye kamera. Kiswahili chake kimechekwa na walimu wengi wa lugha. Mimi naona kimefanya kazi iliyokusudiwa: ni Kiswahili cha mtu anayemkaribisha mgeni ambaye atapiga picha na kuondoka.

Ruhusa

Nimesema kwamba mlango uliofungwa ni mojawapo ya mambo yaliyoizuia kamera. Mlango huo haujafunguka, na kwa maoni yangu si kazi ya mtafiti kuufungua kwa nguvu. Heike Behrend, katika kitabu chake cha 2013 kuhusu upigaji picha katika pwani ya Afrika ya Mashariki, ameeleza jinsi picha, na baadaye video, zilivyozusha mjadala mkali miongoni mwa Waislamu wa Mombasa na Lamu. Hofu haikuwa kamera yenyewe. Ilikuwa safari ya picha baada ya kupigwa. Mwanamke aliyecheza mbele ya wanawake wenzake, kichwa wazi, amecheza mahali penye ukuta. Mkanda wa video hauna ukuta. Huazimwa, hunakiliwa, huvuka bahari, na siku moja hutazamwa na mwanamume ambaye hakualikwa. Simu ya mkononi imeizidisha hofu hiyo mara nyingi. Ndiyo maana katika baadhi ya arusi simu huwekwa mlangoni, na picha, kama zitapigwa, hupigwa na mwanamke.

Wazee wa kaya nao wana masharti yao. Misitu ya kaya iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, na mwaka 2009 UNESCO iliziweka desturi zake katika orodha ya zile zinazohitaji kuhifadhiwa haraka. Jambo hilo limewaleta wapiga picha wengi. Lakini mwenye kuingia huingia kwa ruhusa, na kuna sehemu na nyakati ambazo kamera hufungwa.

Kuna kisa kimoja cha eneo hili kinachoonyesha faida na hatari ya picha kwa pamoja. Hakihusu muziki, lakini kinatufaa. Mwaka 1985 mtaalamu wa elimu ya jamii za watu, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda karibu na Kaloleni akiwa kando ya vigango alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Muda mfupi baadaye vigango hivyo viliibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa Afrika huko Marekani, Udvardy alikitambua kimoja katika picha zilizoonyeshwa na mwenzake Linda Giles. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton. Vyote viwili vilirejeshwa Kenya, mwaka 2006 na 2007. Kilichovirudisha ni picha moja iliyokuwa na mahali, mwaka na mwenyewe. Ile kadi ya posta isiyo na jina, ingawa imepigwa kwa ufundi zaidi, isingeweza kurudisha hata ufito.

Miaka ya karibuni Kilifi imekuwa na tamasha lake la mwaka mpya chini ya mibuyu, na Malindi na Wagiriama wa vijijini humwadhimisha Mekatilili kila mwaka kwa ngoma na maandamano. Katika tamasha la jukwaani mpiga picha hupewa mara nyingi kanuni iliyotoka Ulaya na Marekani: nyimbo tatu za kwanza tu, bila flashi, kisha uondoke mbele. Kwa mwanamuziki wa roki kanuni hiyo ina maana, kwani bado hajatoka jasho. Kwa taarabu ni kinyume cha hali halisi. Katika nyimbo tatu za kwanza vyombo vinalinganishwa, wageni wanafika, na hakuna aliyekwisha kuudhika. Tuzo lenye maneno huja usiku ukiwa umekomaa. Mpiga picha aliyeondoka mapema ameleta nyuso za waimbaji na kuacha matini.

Kwa wanafunzi wetu wanaokwenda nyanjani ningeshauri wapige picha chache na waandike mengi. Saa iandikwe, ili picha ikutane na kinasa sauti. Ubeti uandikwe, hata kwa maneno yake mawili ya mwanzo. Aliyepigwa aulizwe, na aulizwe tena picha ikiwa imetoka, kwa sababu mtu hukubali kamera kabla ya kujua amefanya nini mbele yake. Jina la ngoma liandikwe kwa lugha ya wachezaji: mwanzele ni mwanzele, isiandikwe ngoma ya mazishi ya Wagiriama halafu jina likasahauliwa.

Linabaki swali la mwenye mali. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, mpiga picha ana haki yake na mwimbaji ana haki yake. Sheria ya 2016 kuhusu maarifa ya jadi na sanaa za jadi inaitambua jamii kuwa na haki juu ya ngoma zake. Ile ya 2019 ya kulinda data inamtambua mtu ambaye sura yake yaweza kujulikana. Katika picha ya tuzo hao wote wamo: mpiga picha nyuma ya kamera, mwimbaji pembeni, jamii katika viti. Yule mwanamke aliye katikati, mkono umenyooshwa, anatambuliwa kwa sura yake tu. Kwamba usiku ule yeye ndiye aliyeamua shairi lilimsema nani, na kwa hiyo alikuwa mmoja wa watunzi wake, hilo halijaandikwa katika sheria yoyote kati ya hizo, wala katika diwani yoyote niliyoisoma.